Froukje na Peremende za Pasaka

Siku ya kumzika Froukje Bottema, mchungaji alisoma neno, akafunga Biblia, akakohoa kidogo ili aanze kuhubiri. Kanisa zima likafanya kile linachofanya kila Jumapili. Mikoba ilifunguliwa, karatasi zikachakarika, na peremende zikaanza safari kutoka mkono hadi mkono, benchi baada ya benchi. Hakuna aliyefikiri. Hata Ids, mume wa marehemu, ambaye macho yake yalikuwa yamevimba hadi yakabaki nyufa, alichukua moja akampa binti yake paketi. Kule Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, hata msiba haukatazi peremende. Ukikaa kusikiliza mahubiri, ulimi unapewa kazi ili usije ukajitafutia kazi nyingine.

Ndipo mwanamke mmoja wa benchi la pili akacheka.

Hakucheka kwa kujiiba. Alicheka mabega yakatikisika, akaziba mdomo kwa leso, ikawa bure, kicheko kikatokea puani. Watu wakageuka. Mchungaji akanyamaza na kidole chake hewani.

"Nisameheni," alisema mgeni yule kwa Kijerumani, akionyesha jeneza, huku machozi yakimtiririka. "Si mimi. Ni yeye."

Jina lake Boróka, na alikuwa amesafiri kutoka Hungaria kuja kumzika rafiki yake. Wale waliojua habari za Pasaka ile waliinama upesi, na wao pia mabega yao yakaanza kutikisika. Wasiojua walisimuliwa baadaye, kwenye kahawa ya msiba, na hata mchungaji alivuta kiti.

Froukje alizaliwa katika nyumba ya mwisho ya kijiji, chini kabisa ya tuta linalozuia bahari isije ikalala vitandani mwa watu. Baba yake, Douwe, alikuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa na mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache ambaye hata "ndiyo" ilimtoka kama anang'olewa jino. Mama yake aliimba zaburi jikoni. Watoto wengine wa nyumba ile walizaliwa na akili za hesabu au na sauti nzuri. Froukje alizaliwa na mikono isiyotulia. Ni yeye aliyemvalisha kondoo kofia ya Jumapili ya mama mkwe wa mchungaji, akampandisha juu ya tuta saa watu wanatoka kanisani. Baba yake alipomkemea, alitubu kwa moyo wote, na machozi ya toba yalikuwa ya kweli kabisa. Shida ni kwamba kabla hayajakauka alikuwa ameshapata wazo jingine.

Alipofika miaka kumi na sita, shule yao ya Kikristo ilifanya urafiki na shule moja ya Kiprotestanti huko Hungaria, nchi iliyokuwa imefungua milango yake miaka michache tu nyuma. Wanafunzi wa Friesland wangekwenda kule wakati wa Pasaka, kila mmoja akae nyumbani kwa mwenzake. Mwezi wa tisa wenyeji wao wangekuja Friesland, nao walale kwenye nyumba za wale waliowakaribisha. Douwe alisema hapana. Mama akaimba zaburi jikoni kwa juma zima, kwa sauti iliyozidi kupanda kila jioni, mpaka Douwe akasema ndiyo.

Msafara uliongozwa na Mwalimu Nauta wa historia, mwanamume mrefu aliyetembea kama anapima shamba. Walisafiri kwa treni, na abiria walipokuwa wamesinzia, viatu vya behewa zima vilihama. Kwa hiyo walipofika, mkuu wa shule ya wenyeji alikuwa amesimama stesheni na maua, kwaya iko nyuma yake, na Mwalimu Nauta akashuka kumpa mkono, mguu mmoja una kiatu chake cheusi, mwingine una sapatu ya kike ya rangi ya waridi. Mkuu wa shule alikuwa mtu mstaarabu. Aliangalia maua tu.

Kwaya ilipomaliza kuimba, Mwalimu Nauta alimvuta Froukje pembeni.

"Froukje."

"Abee, mwalimu."

"Sikuulizi ni nani."

"Sawa, mwalimu."

"Sikuulizi kwa sababu najua." Alivuta pumzi. "Nisikilize vizuri. Kosa moja tu jingine, moja, nami nitakwenda kwa baba yako. Na mwezi wa tisa nyumba yenu haipewi mgeni."

"Lakini mwalimu, huyo atakayenipokea huku atalala wapi akija?"

"Hatakuja. Atabaki kwao."

"Yeye kakosa nini?"

"Hajakosa kitu. Ndiyo maana nakuambia mapema, umwonee huruma."

Froukje angestahimili kuadhibiwa yeye. Hilo alilizoea kama mvua. Lakini siku ile ile alipelekwa nyumbani kwa Boróka, msichana mwembamba mwenye msuko mmoja mrefu, na juu ya kitanda cha Boróka aliona picha iliyokatwa kwenye kalenda na kubandikwa ukutani. Ilikuwa picha ya bahari. Kingo zake zilikuwa zimechakaa kwa kuguswaguswa.

Hungaria haina bahari. Mji wa Boróka ulikuwa kwenye tambarare ya mashariki, ambako hata kilima ni habari ya kusimuliwa.

"Ni kweli kwenu mnaiona?" Boróka aliuliza. Walizungumza Kijerumani cha shuleni, cha kuokoteza, chenye mikono mingi.

"Ukipanda tuta tu, iko pale."

"Kila siku?"

"Kila siku. Kama ng'ombe."

"Mimi nitaiona mwezi wa tisa," alisema Boróka, akaigusa picha. "Bibi akikubali. Bado hajakubali. Anasema kwanza akuone wewe ni mtu wa namna gani."

Froukje akakaa kitandani. Usiku ule alimwomba Mungu jambo ambalo hakuwahi kuliomba: amfanye mtu wa kuchosha.

Bibi mwenyewe, Etelka, ndiye aliyekuwa kichwa cha nyumba ile. Alikuwa mjane wa siku nyingi, mwenye gauni jeusi, kitambaa cheusi kichwani na vidole vyekundu vya pilipili. Kijerumani alikijua kidogo, maneno machache aliyoyaokota ujanani alipokuwa mtumishi nyumbani kwa daktari: kaa, kula, pumua, fungua mdomo. Kwa maneno hayo manne aliendesha nyumba na mgeni bila shida.

"Kula," alimwambia Froukje siku ya kwanza, akamgeukia mjukuu wake na kuongea kwa Kihungaria. Boróka akatafsiri: "Anasema umekauka kama ufagio. Anauliza kama kwenu mvua hainyeshi."

"Mwambie inanyesha kila siku."

"Anasema basi tatizo ni mbegu."

Juma lile Froukje alikuwa malaika, na kuwa malaika kulimtesa kuliko homa. Kila alipogeuka palikuwa na jambo lililokuwa likimwita kwa jina. Jogoo wa Bibi Etelka alikuwa na tabia ya kulala juu ya baiskeli ya jirani. Mzee Gáspár, mkuu wa wazee wa kanisa, alikuwa na masharubu marefu yaliyosimama pande mbili kama mishikio ya baiskeli hiyo hiyo, na alisinzia kwenye benchi mbele ya nyumba yake kila alasiri, huku utepe wa kufungia mkate wa sikukuu ukipepea dirishani karibu yake. Froukje alipita akitazama chini, midomo ikisogea. Boróka alidhani anasali. Kweli alikuwa anasali.

Jaribu kubwa lilikuja Alhamisi. Mwalimu Nauta alizungukia nyumba moja moja kuuliza tabia za wanafunzi wake, na kwa Bibi Etelka akakaribishwa kahawa. Kahawa ile ilinyunyiziwa mdalasini. Mkebe wa mdalasini ulikaa rafuni, na bega kwa bega na mkebe ule, wa kimo kile kile, wenye mfuniko wa rangi ile ile, ulikaa mkebe wa pilipili nyekundu ya kusaga. Bibi Etelka alikuwa amewapa mgongo akikata mkate. Mwalimu Nauta alikuwa ameshaonyeshwa picha ya bahari ya Boróka, sasa anasifu mapazia.

Froukje aliitazama ile mikebe. Kisha akaingiza mikono yake yote miwili chini ya mapaja, akaikalia kwa uzito wake wote, uso ukamwiva.

Bibi Etelka akageuka na kisu mkononi. Akamwangalia mtoto, akaangalia rafu, akamwangalia tena mtoto.

"Anauliza mbona umekalia mikono," Boróka alitafsiri.

"Ina baridi."

Bibi Etelka akaweka kisu chini. Alichukua mkebe wa mdalasini mwenyewe, akanyunyiza, akaurudisha.

"Mtoto mtulivu," alisema Mwalimu Nauta akijifuta midomo, na alisikika kama mtu asiyeyaamini masikio yake mwenyewe. "Mtulivu kabisa."

Jumapili ya Pasaka walimwamsha Froukje mapema. Mezani palikuwa na mkate mtamu, mayai ya rangi, na nyama ya nguruwe iliyofunikwa kitambaa cheupe. Sahani ilikuwa moja tu, yake.

"Nyie je?"

"Tutakula tukirudi," alisema Boróka. "Kula wewe, mgeni."

Froukje akala. Kwao watu walikunywa chai na biskuti kabla ya kanisa, na siku ya Chakula cha Bwana haikuwa tofauti. Yeye mwenyewe hakuwa amefikia umri wa kukishiriki kwa desturi ya Friesland, kwa hiyo hakuwa na lolote la kujitayarishia. Alidhani tu kwamba wenyeji wake ni watu wasiopenda kula asubuhi. Hakuna aliyemwambia kwamba katika mji ule wazee hawaweki hata tone la maji mdomoni tangu jioni ya kuamkia siku hiyo, mpaka wapokee mkate na divai. Lilikuwa jambo linalojulikana hivi kwamba kulisema kungekuwa kama kumwambia mtu avue viatu kabla ya kulala.

Kanisani wanaume walikaa upande mmoja wa mimbari na wanawake upande mwingine, na ndani ya upande kila mtu alijua benchi lake, kwa umri. Wajane wazee walikuwa mbele kabisa. Mgeni hana umri, kwa hiyo Bibi Etelka alimkalisha Froukje ubavuni mwake, kwa heshima, katikati ya vitambaa vyeusi. Boróka alikwenda nyuma na wasichana wenzake. Mwalimu Nauta aliwekwa upande wa pili, karibu na masharubu ya Mzee Gáspár.

Mchungaji akasoma habari za kaburi tupu. Akafunga kitabu. Akakohoa kidogo.

Na mkono wa Froukje ukaingia mfukoni wenyewe.

Hakukusudia, na hilo alilisema mpaka siku zake za mwisho. Tangu anyonye alisikia kikohozi kile cha mchungaji, na baada ya kikohozi peremende. Mama yake alikuwa amemjazia mfuko wa kanisani paketi nzima, zile nyeupe, za duara, kali, zinazofungua pua hadi utosini. Froukje alifungua karatasi, akachukua moja, na kwa adabu zote alizofundishwa akampitishia jirani yake. Kwao, kula peke yako ndiyo ilikuwa aibu.

Bibi Etelka akaitazama paketi. Akamtazama mtoto. Uso ule haukuwa na hila yoyote, ulikuwa mweupe kama sahani. Bibi Etelka akafikiri: hawa Waholanzi ni watu wa kanisa tangu zamani kuliko sisi, na leo ni Pasaka, na mbele ya mchungaji mtoto wao ananipa kitu cheupe cha duara. Bila shaka ni desturi ya kwao ya siku hii. Kukataa ni kumwaibisha mgeni. Akachukua moja, akaiweka mdomoni kwa uso wa ibada, akapitisha. Alichofanya Etelka, benchi zima la wajane lilifanya, ndivyo ilivyokuwa tangu walipokuwa wasichana. Paketi ilikwenda mpaka mwisho wa benchi, ikampa kila bibi yake, ikarudi.

Froukje akageuka kidogo, akamwona Boróka kule nyuma. Boróka alikuwa ametoa macho, anatikisa kichwa, anapunga mikono miwili.

Naye anataka, maskini, alifikiri Froukje, akapitisha paketi nyuma.

Boróka akajifunika uso kwa kitabu cha nyimbo.

Peremende za Friesland hazina mchezo, na matumbo yale yalikuwa matupu tangu jana. Bibi mmoja alitoa chozi. Mwingine alipiga chafya ambayo mahubiri yalisimama kuipisha. Bibi Etelka alihisi upepo wa baridi ukipita kichwani mwake kama mlango wa ghala umefunguliwa, na katika ule upepo likaja wazo. Akameza mate. Mate yalikuwa matamu.

Nimekula, alifikiri Bibi Etelka. Akageuza macho taratibu kulia, kisha kushoto. Benchi zima lilikuwa limekwisha kufikia wazo lile lile. Mashavu yaligandamana, hakuna aliyethubutu kutafuna wala kutema.

Mahubiri yakaisha. Kitambaa kiliondolewa mezani. Mzee Gáspár akainuka wa kwanza, wanaume wakamfuata kwa umri wao, wakaizunguka meza, wakapokea mkate, wakapokea kikombe, wakarudi wakiwa wameinamisha vichwa sana. Ikafika zamu ya wanawake.

Hakuna aliyeinuka.

Wajane walikaa kama wamepigiliwa misumari. Na kwa kuwa wajane hawakuinuka, wake za watu nyuma yao hawakuweza kuinuka, maana mwanamke wa mji ule angeruka kwanza dirisha la kanisa kabla ya kumruka Bibi Etelka. Na kwa kuwa wao hawakuinuka, wasichana nao walikaa. Mchungaji alisimama na kikombe mikononi. Mpiga kinanda alipomaliza zaburi aliirudia. Alipoirudia mara ya pili, watoto walianza kuchungulia.

Mchungaji akatoka mezani, akainama.

"Bibi Etelka, kuna mgonjwa?"

"Hakuna."

"Basi karibuni."

"Hatuwezi. Tumekula."

"Mmekula? Saa ngapi?"

"Sasa hivi. Wewe ulikuwa unahubiri."

Mchungaji alilitazama lile benchi, shavu baada ya shavu. Kisha macho yake, na macho ya upande wote wa wanawake, yakamshukia Froukje, ambaye hakuwa ameelewa neno hata moja lakini sura za aina ile alizijua tangu utoto.

Hatua ndefu zikasikika kutoka upande wa wanaume. Mwalimu Nauta alikuwa anapima shamba.

"Froukje Bottema," alinong'ona kwa lugha ya kwao, sauti ikimtetemeka. "Leo? Hata leo?"

"Mwalimu, sikufanya kitu. Nimepitisha peremende tu."

"Peremende! Hawa watu wamefunga, mtoto wewe! Nimeambiwa sasa hivi!"

"Mimi sikuambiwa!"

"Huambiwi, huoni, ila mikono yako tu ndiyo inajua. Basi. Nilikuonya. Rafiki yako atakaa na kalenda yake."

Machozi yakamtoka Froukje. Ilikuwa ajabu kwake. Kofia ya kondoo aliifanya, viatu alivifanya, na mengine ambayo hata leo hayajajulikana aliyafanya. Hili la pekee hakulifanya, na ndilo lililokuwa linamlipisha Boróka.

Mwalimu Nauta akamwinamia Bibi Etelka kumwomba radhi. Aliinama sana, kwa unyenyekevu wote wa shule yake, akaanza kwa Kijerumani, "Mama mheshimiwa, kwa niaba ya..."

Pua ya Bibi Etelka ikacheza.

"Pumua," alisema.

Mwalimu Nauta akasita. "Samahani?"

"Pumua."

Akapumua. Bibi Etelka akafumba macho, akafungua.

"Fungua mdomo."

"Mama, mimi..."

"Fungua mdomo!" Ilikuwa sauti ya daktari, na kwa sauti ile hata wanajeshi wangetii. Mwalimu wa historia akafungua mdomo mbele ya kanisa zima, na pale, juu ya ulimi, nyembamba kama ukucha kwa kumung'unywa, ilikuwapo peremende nyeupe ya duara.

Naye alizaliwa Friesland. Naye alikuwa amekisikia kile kikohozi.

Bibi Etelka akageuka polepole kuelekea upande wa wanaume.

"Gáspár! Njoo hapa."

"Etelka, tuko kanisani," alisema Mzee Gáspár bila kunyanyua macho.

"Ndiyo maana nakuita. Njoo upumue."

"Sina haja ya kupumua."

"Ulipewa, hukupewa?"

Mzee Gáspár alishika sharubu moja, kisha akashika la pili. "Nilipewa na mgeni. Ningemkatalia mgeni?"

"Ukaenda mezani nayo?"

"Ilikuwa imebaki ndogo."

Nyuma yake mtu mmoja alishikwa na kwikwi, na harufu ya mnanaa ikavuka hadi kwa wanawake. Wanaume wote waliangalia viatu vyao. Kumbe paketi ya Mwalimu Nauta nayo ilikwenda mpaka mwisho wa benchi ikarudi, na tofauti ilikuwa moja tu: wanawake waliona aibu wakakaa, wanaume waliona aibu wakaenda.

Mchungaji aliangalia kikombe. Akaangalia upande huu, akaangalia upande ule, akaona dhambi ni nyingi kuliko asubuhi. Pembe ya mdomo wake ilianza kucheza, akaiuma.

"Njoni," alisema. "Bwana aliyefufuka alikuta wanafunzi wake wamejifungia kwa woga, naye akaingia hivyo hivyo. Njoni nyote, na midomo yenu."

Bibi Etelka akatoa leso, akatemea humo kile kilichobaki, akaifunga fundo, akaitia mfukoni. Kisha akainuka. Benchi zima la wajane likatoa leso.

Nje, baada ya ibada, Mwalimu Nauta alimkuta Froukje ameegemea ukuta. Alisimama kando yake, wote wawili wakitazama mbele.

"Nadhani," alisema mwalimu, "baba yako hana haja ya kusikia habari hii."

"Habari yako au yangu, mwalimu?"

Mwalimu Nauta akakohoa kidogo, na mkono wa Froukje ukasogea mfukoni kabla hajauzuia. "Tayarisheni kitanda cha mgeni," alisema, akaondoka kwa hatua ndefu.

Ikabaki Bibi Etelka. Walitembea hadi nyumbani, bibi mbele, wasichana nyuma. Alikata nyama, akagawa mayai, akaketi. Froukje hakugusa chakula.

"Mwambie bibi yako," alimwambia Boróka, "mwambie safari hii sikukusudia. Naapa. Najua haiaminiki."

Boróka akatafsiri. Bibi Etelka aliendelea kutafuna, akameza, akasema maneno machache. Boróka akaanza kucheka.

"Anasema anajua. Anasema ungekusudia, ungekalia mikono."

Froukje akamtazama yule bibi.

"Anasema siku ya mdalasini alikuona vizuri. Anasema mtu anayeweza kuikalia mikono kama ile kwa ajili ya mwenzake, anaweza kukaa na mjukuu wake." Boróka alikuwa amekwisha kusimama, msuko unaruka mgongoni. "Froukje, amekubali! Naenda!"

"Kaa," alisema Bibi Etelka kwa Kijerumani. "Kula."

Kesho yake, Jumatatu ya Pasaka, wavulana wa mji walikuja na ndoo kuwamwagia wasichana maji, kama ilivyo desturi yao. Froukje alisimama uani akamwagiwa, bila kulipiza. Waholanzi wenzake walimwuliza kama anaumwa.

Mwezi wa tisa basi la Hungaria lilifika Friesland baada ya siku mbili za barabara. Boróka hakutaka chai wala kuoga. Alikwenda moja kwa moja juu ya tuta, katikati ya kondoo, Froukje akimkimbilia nyuma. Alifika kileleni, akasimama.

Mbele yake palikuwa na matope. Matope ya kijivu, yanayong'aa, mpaka mwisho wa macho. Ndege mmoja alikuwa anatembea katikati yake.

"Froukje."

"Naam."

"Bahari iko wapi?"

"Imetoka."

"Imetoka." Boróka alikunja mikono. "Imekwenda wapi?"

"Kule. Hutoka, halafu hurudi. Itarudi baada ya chakula cha mchana."

"Nimekaa kwenye basi siku mbili, makalio yamekuwa ubao, uje unionyeshe shamba la matope uniambie bahari imetoka?"

"Haki ya Mungu ni kweli! Baba! Baba, mwambie!"

Douwe alikuwa anapita chini na ndoo za maziwa. Alisimama, akaangalia yale matope, akafikiri kwa kitambo.

"Imetoka," alisema, akaendelea na safari yake.

Boróka aliwatazama wote wawili. "Hata baba yako umemfundisha," alisema.

Lakini aliketi. Waliketi wote wawili kwenye majani ya tuta, kondoo wakiwanusa, wakala peremende, Boróka akiwa amenuna. Na ikaja. Haikuja kwa kelele kama alivyodhani. Ilikuja nyembamba na ya fedha, kwanza kwenye mifereji, kisha kati ya mifereji, mpaka yule ndege akaondoka na matope yakawa hayapo tena. Boróka alivua viatu akashuka mbio. Aliingia hadi magotini, akachota kwa kiganja, akaonja, akatema.

"Ina chumvi!"

"Hiyo siyo mimi," alipaza sauti Froukje kutoka juu. "Hiyo kweli siyo mimi!"

Baada ya hapo maisha yalikwenda kama ya watu wote. Froukje aliolewa na Ids, akazaa, akauza samaki sokoni kwenye gari lenye kibanda, ambako wateja waliambiwa kwa uso mkavu kwamba samaki huyu alikuwa akiwauliza hali zao tangu asubuhi. Bibi Etelka alilala katika Bwana akiwa mzee sana. Boróka alirudi mara nyingi, na kila alipokuja, Froukje alipanga safari yao ya tuta ifike maji yakiwa yametoka. Kila mara Boróka alisimama pale juu na kusema, "Umenidanganya tena." Ugonjwa ulikuja majira ya baridi yaliyopita. Froukje aliwatania hata wauguzi. Mungu alimwita kabla ya Pasaka, na majina mawili ya mwisho aliyoyatamka yalikuwa la Ids na la Mwokozi wake.

Jioni ya maziko, baada ya kahawa, Boróka alipanda tuta pamoja na Ids na binti wa marehemu, ambaye sasa ana miaka kumi na sita naye. Upepo ulikuwa mkali. Bahari haikuwapo. Palikuwa na matope tu, mpaka mwisho wa macho.

Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema neno lile.

"Imetoka," alisema binti.

Boróka akaketi kwenye majani mabichi, na koti lake zuri la msiba, akafungua paketi, akachukua moja, akapitisha.

"Itarudi," alisema. "Ketini. Tungoje."